Siku saba Rwanda na Mama

Mama yangu amekaa Ngara miaka yote ya maisha yake, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuvuka daraja la Rusumo linalotuunganisha na Rwanda. Aliishia upande wetu wa Tanzania. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takribani saa 24, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja hilo kutoka Rwanda wakajaa Benaco, huku kwetu Ngara, na Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba ndizi na maji kuwapelekea. Mimi nilikuwa mgongoni kwake. Likizo ya Juni ilipokaribia, akanipigia simu Kahama ninakofundisha, akasema, "Mwanangu, nataka kuiona nchi waliyotoka wale watu, kabla miguu haijanikataa."

Nilikubali papo hapo, kisha nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Nilifungua ramani.

Rwanda ina eneo la kilomita za mraba 26,338. Mkoa wa Tabora peke yake ungeimeza karibu mara tatu. Mtu aliyezoea kusafiri Kahama hadi Dar es Salaam akiiangalia nchi ile kwenye simu anaona kama inatosha kiganjani, nami niliipanga kwa jicho hilo. Nilichukua daftari, nikaandika siku tano: Kigali, mbuga ya Akagera kuangalia simba, Musanze kwenye volkano, Rubavu ziwani, Karongi, msitu wa Nyungwe wenye daraja la kamba juu ya miti, Huye, halafu nyumbani. Kila mahali niliandika kilomita pembeni. Safari nyingi hazikufika kilomita 200. Nilijiona nimepanga vizuri.

Jirani yangu ni dereva wa semi, anapeleka mizigo ya bandarini Kigali kila mwezi. Nilimpa daftari asome. Alilisoma taratibu huku akifuata mistari kwa kidole, kisha akaniuliza kalamu.

"Mwalimu, hapa umeandika kilomita," aliniambia. "Rwanda hawahesabu kilomita. Hesabu milima. Na mabasi yao yamefungwa kidhibiti mwendo, hayazidi 60 kwa saa. Kilomita 130 zako hizi ni saa tatu, na zote ni kona."

Alinieleza kwamba barabara zao ni nzuri sana, lami safi, kamera kila mahali, lakini hazina sehemu iliyonyooka. Unapanda mlima, unaushuka, unaliona bonde, unapanda mwingine. Wenyewe wanaiita nchi ya milima elfu, na dereva anayepiga gia siku nzima anajua kwamba hilo si jina la kupamba. Kisha akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu mwanzo: "Mama ana miaka mingapi?"

Sitini na mitatu, na goti moja linamsumbua.

Usiku huo nilianza kufuta. Musanze niliifuta kwanza. Sokwe wa milimani ndio wanaowapeleka wageni wengi Rwanda, na kibali cha kuwaona kwa mgeni wa mbali ni dola 1,500 tangu mwaka 2017. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bei yetu ya chini, ila bado unatakiwa ukate mapema, na baada ya hapo unapanda mlima kwa miguu kwenye matope na upupu, pengine saa kadhaa, ili ukae nao saa moja. Mama hakuwa na haja hiyo. Akagera niliifuta ya pili. Simba waliisha kule, wakarudishwa mwaka 2015 kutoka Afrika Kusini, na ni habari ya kufurahisha kwa majirani zetu, lakini mtu wa Tanzania mwenye siku chache hana sababu ya kuvuka mpaka kumfuata simba. Nyungwe iliniuma. Nilitamani mno lile daraja la juu ya miti, na ule msitu wa baridi wenye chemchemi zinazolisha Nile. Lakini kwenda na kurudi ni siku mbili za kona. Nikaifuta, na hadi leo naidai.

Nilibaki na Kigali, Karongi ziwani Kivu, na Nyanza kwenye ikulu ya kale ya mfalme, tukilala Huye jirani yake. Siku zikaongezeka kutoka tano hadi saba, sehemu zikapungua kutoka saba hadi tatu. Nikajiwekea sharti moja ambalo tangu hapo nalitumia kwa safari yoyote: nahesabu vitanda. Kila kitanda kipya kinakula nusu siku ya kufunga begi, kutafuta stendi, kutafuta lodji na kuzoea choo kingine. Kwa siku saba na mtu mzima wa umri wake, vitanda vitatu vinatosha.

Tuliondoka Ngara Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimemhimiza Mama apate pasi mapema, kwa sababu watu wengi kwetu wanadhani kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinatosha. Wanyarwanda, Waganda na Wakenya wanavukiana kwa vitambulisho, sisi hatumo kwenye mpango huo. Unahitaji pasi ya kusafiria, au hati ya dharura inayotolewa na Uhamiaji. Viza hulipii. Nilibeba na kadi ya njano ya chanjo. Rusumo sasa ni kituo cha pamoja, unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo moja, na foleni yetu haikufika nusu saa.

Kilichotuchelewesha ni karanga. Mama alikuwa ametengeneza karanga za kukaanga na maandazi ya njiani, akazifunga karanga kwenye vifuko vyembamba vya nailoni, vile vinavyouzwa kwa mafungu dukani. Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko vile bado tunavitumia bila kufikiri. Wenzetu walianza mwaka 2008, na hawana mchezo. Askari wa kike alifungua begi letu, akavitoa kimoja kimoja, akasema kwa Kiswahili chenye upole, "Mama, karanga ni zako, mfuko ndio hauingii." Mama alikunjua khanga yake ya akiba akamimina karanga zote humo. Yule askari alimsaidia kufunga fundo. Nakusihi ufungashe kwa karatasi au kitambaa ukiwa nyumbani, utaepuka kupanga vyakula juu ya meza ya ukaguzi huku watu wamesimama nyuma yako.

Ng'ambo ya daraja vinabadilika vitu viwili kwa pamoja, na vyote viwili vinaweza kukuumiza. Cha kwanza ni saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yangu ilijibadilisha yenyewe iliposhika mtandao wao, saa ya mkononi ya Mama ikabaki ya Ngara, na hatukulitilia maanani kwa sababu kwenda unapata saa moja ya bure. Kurudi ndiko unakolipa. Cha pili ni upande wa barabara. Wao wanaendesha kulia. Nilijua, niliwahi kuwafundisha hata wanafunzi wangu, lakini mwili haujui. Kwenye stendi ya Nyabugogo, jijini Kigali, nilishuka nikaangalia upande niliozoea, nikakuta kweupe, nikakanyaga lami. Pikipiki ilipita mbele ya kifua changu karibu kiasi kwamba niliusikia upepo wake shingoni. Mama alinivuta blauzi. Hakusema kitu, ila kuanzia hapo kila tulipovuka barabara alinishika mkono kama nilivyokuwa darasa la kwanza, nami nilimwacha anishike.

Ratiba yangu ilisema Jumamosi asubuhi twende makumbusho ya Gisozi, mchana Nyamirambo, jioni sokoni Kimironko. Ijumaa usiku nikamuuliza mama mwenye nyumba tuliyofikia kama teksi ya saa mbili asubuhi itapatikana. Alinitazama kwa mshangao. "Kesho ni umuganda," alisema.

Nilikuwa nimesoma habari za umuganda. Nilichokosa kufanya ni kuilinganisha na kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, nchi nzima inafanya kazi ya pamoja: kuzibua mitaro, kupanda miti, kujenga darasa, kutengeneza barabara ya mtaa. Maduka yanafungwa, mabasi hayaendi. Sisi tuna Jumamosi yetu ya usafi, lakini kwao mji unasimama kabisa. Kama basi letu la kwenda Karongi lingekuwa la asubuhi ile, safari nzima ingevurugika. Mtu akipanga kwenda Rwanda aanze na kalenda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wiki inayoanza tarehe 7 Aprili, wiki ya kumbukumbu, ambapo si wakati wa matembezi ya kujifurahisha.

Mimi nilikasirika chumbani. Mama aliuliza jembe liko wapi.

Sijui niseme vipi jinsi asubuhi ile ilivyokuwa nzuri. Watu wa mtaa walikusanyika kwenye mtaro uliokuwa umejaa mchanga wa mvua za Mei. Hakuna aliyetulazimisha, sisi ni wageni. Mama alifunga khanga kiunoni, akapewa jembe, akaanza kuvuta mchanga na wanawake wenzake. Akawasemesha Kihangaza, lugha yetu ya Ngara. Wakamjibu Kinyarwanda. Mmoja akauliza kama ni mama wa Burundi, kwa sababu Kihangaza kinafanana zaidi na Kirundi, na Mama akacheka, akaeleza Ngara iko wapi. Kusikia jina la Ngara, mzee mmoja aliacha koleo lake akasogea. Alisema alipita Ngara akiwa kijana. Alitaja Benaco. Hawakuongea mengi, ila kazi ilipoisha na watu wakaketi kwenye nyasi kwa mkutano wa mtaa, yule mzee alikaa karibu na Mama, na walipoagana alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Hilo halikuwa kwenye daftari langu, na lisingekuwamo hata ningepanga mwaka mzima.

Gisozi tulikwenda saa nane mchana. Ni makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yalifunguliwa mwaka 2004, na wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Kuingia ni bure. Nitasema neno moja la mpango juu yake: usiweke kitu kingine baada yake siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeandika soko la Kimironko baada ya Gisozi, kana kwamba mtu anaweza kutoka mle akaenda kuchagua vitenge.

Makaburi ni sakafu pana za zege, ndefu, tupu. Mama alisimama mbele yake muda mrefu. Ndani kuna chumba chenye picha nyingi zilizoletwa na familia, picha za harusi, za shule, za kitambulisho, zimening'inizwa kwa vibanio. Juu kuna chumba cha watoto. Kila mtoto ana picha yake kubwa na maandishi machache chini: alipenda kula nini, alipenda kucheza nini, alikuwa na tabia gani, alikufaje. Nilikuwa namtafsiria Mama. Nilipofika kwa mtoto wa tatu sauti iliniishia, akaniambia, "Inatosha. Nimeelewa."

Nje, kwenye benchi la bustani, ndipo aliponiambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Kwamba kabla watu hawajafika Benaco, mto ulikuwa umeshaleta maiti. Zilipita chini ya daraja siku nyingi, na kwetu watu waliacha kula samaki kwa muda mrefu. Kwamba katika wale waliovuka Aprili ile, na ambao yeye aliwapelekea maji, wengine walikuwa wamekimbia vita na watoto wao hawana hatia yoyote, na wengine walikuwa wameyashika mapanga wenyewe. "Tuliwapa wote maji," alisema. "Hatukujua nani ni nani. Baadaye tukajua, lakini maji walikuwa wameshakunywa." Nilimuuliza kama anajuta. Alisema hapana, mtu mwenye kiu hapekuliwi. Ila alitaka aje awaone na hawa, ambao hawakufika darajani.

Tulikaa pale hadi walipotuambia wanafunga.

Jumapili asubuhi tulipita Nyamirambo, mtaa wa Waislamu wengi, na huko Kiswahili kinatiririka tangu zamani za wafanyabiashara wa pwani. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, lakini usidhani kila mtu anakisema. Nyabugogo na Nyamirambo utapata mtu mara moja. Vijijini tulitegemea Kihangaza cha Mama, na mimi na digrii yangu nikawa natafsiriwa. Tulikunywa chai na sambusa, tukaenda kukata tiketi.

Tiketi yao ina saa, na saa hiyo ni ya kweli. Kosta ya saa tano na nusu iliondoka saa tano na nusu, viti vinne vikiwa wazi. Mimi nimezoea hiace inayongoja ijae, kwa hiyo nilikuwa nje nanunua maji, na konda alinipungia mkono mara moja tu.

Barabara ya Karongi ndiyo iliyonifundisha maana ya maneno ya jirani yangu. Hadi Muhanga ni afadhali. Baada ya Muhanga barabara inajikunja kama uzi ulioanguka, ukuta wa mlima upande huu, upande wa pili migomba iliyo chini sana hata unaona vilele vyake. Mashamba yamepandwa hadi kileleni, matuta kwa matuta, hakuna kipande cha ardhi kilicholala. Ni nzuri hadi unasahau kufumba mdomo. Lakini Mama alikuwa amekula wali na isombe, yaani kisamvu, kabla ya kuondoka, na tulikaa viti vya nyuma. Kwenye kona ya sijui ya ngapi alinishika goti, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mfuko wa nailoni hatuna, tumeacha mpakani. Nilifungua dirisha, nikamwaga vitabu vyangu kwenye mapaja, nikampa mfuko wa karatasi vilimokuwamo. Mwanamke wa kiti cha mbele, bila kuulizwa, alihama akampa Mama nafasi ya karibu na dereva, akamkatia kipande cha tangawizi mbichi kutoka kwenye mkoba wake. Tuliporudi nilifanya yote kinyume: tulikata tiketi ya asubuhi, viti vya mbele, chai kavu tu tumboni, tangawizi mfukoni. Hakutapika tena.

Karongi tulilala siku mbili, na kama kuna sehemu ya daftari niliyoipatia ni hiyo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni kuna baridi ya kutaka sweta ingawa nchi iko karibu na ikweta. Visiwa vimejaa, vidogo vidogo, na ng'ambo unaona milima ya Kongo ikiwa ya bluu. Chini ya maji kuna gesi ya methani iliyoyeyuka, na kuna kituo hapo Karongi kinachoivuta na kuzalisha umeme megawati 26. Tulizungushwa kwa boti kuona kisiwa chenye popo. Wanapiga makofi, popo wanainuka kwa maelfu hadi anga linatiwa giza. Mama hakupenda wasumbuliwe. Alimwomba kijana wa boti aache, naye akaacha.

Alichopenda ni wavuvi. Jioni kabla ya giza wanatoka, na chombo chao ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa magogo, huku miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe, ya kushikilia nyavu. Wanapiga kasia kwa pamoja na wanaimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kasia linaingia majini kwenye neno la mwisho. Sauti inafika ufukweni kabla hujawaona vizuri. Halafu taa zinawashwa moja moja, na kufikia saa mbili usiku ziwa zima lina nyota zake.

Wanavua sambaza. Tuliletewa sahani, wamekaangwa wakavu, na ndimu na pilipili. Mama alitafuna mmoja akaniuliza, "Hawa si dagaa wa Kigoma?" Nilimbishia. Yule mhudumu akasema mama yuko sawa: samaki hao hawakuwako Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ndio wanaolisha watu wa ziwani. Mama alifurahi kama aliyekutana na ndugu ugenini. Alikula sahani mbili.

Juu ya mlima pale mjini kuna kanisa la mawe linaloangalia ziwa. Aprili 1994 watu walikimbilia humo wakauawa humo. Leo ibada zinaendelea, na kumbukumbu iko uani. Tulipanda polepole kwa ajili ya goti. Kwenye nchi hii uzuri na kaburi viko sehemu moja, na msafiri inabidi aache nafasi ya vyote. Ndiyo maana siku ya pili ile isiyo na kitu ilikuwa ya lazima. Kwenye daftari la kwanza ningekuwa ndani ya basi.

Jumanne tulirudi hadi Muhanga, tukashika njia ya kusini kwenda Nyanza. Pale Rukari wamejenga upya ikulu ya kienyeji ya mfalme, nyumba kubwa ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, na pembeni yake kibanda cha maziwa na kibanda cha pombe. Mtunza maziwa alikuwa msichana ambaye hajaolewa, mtunza pombe kijana ambaye hajaoa. Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ya kisasa ya Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa, iliyojengwa miaka ya 1930. Lakini Mama alikwenda moja kwa moja nyuma, kwa ng'ombe. Inyambo wana pembe ndefu ajabu, nyeupe, zimepinda kama mikono ya mtu anayecheza ngoma, na wamevishwa shanga kwenye paji la uso. Mchungaji anawaimbia kwa sauti ya chini, karibu na sikio, na ng'ombe anasimama akisikiliza, kichwa kimeinuka. Mama alijua wimbo kama ule, baba yake aliwaimbia wa kwao. Aliuimba kipande. Mchungaji alinyamaza, akamwachia ng'ombe.

Huye tulilala, tukaona jumba la makumbusho asubuhi, tukarudi Kigali. Jumba ni zuri, lakini tulikuwa tumechoka na macho yamejaa. Ningeweza kuiacha.

Alhamisi tulirudi nyumbani, na njiani nikaomba tushuke Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, kabla ya mpaka. Hapo ndipo kwenye ushirika wa wanawake wa imigongo, ile michoro ya pembetatu na mistari nyeusi, nyeupe na nyekundu unayoiona kwenye kila hoteli ya Kigali. Nilikuwa nimepanga nusu saa. Mama alikaa chini na mafundi. Mwanamke mmoja alikuwa akichanganya samadi ya ng'ombe na majivu, anakanda kama unga wa chapati, kisha anakata vipande, anavibandika kwenye ubao na kuvivuta kwa vidole hadi vinakuwa matuta membamba yaliyonyooka. Kinakauka, kinasuguliwa kwa msasa, kinapakwa rangi. Ukinusa hakinuki kitu ila udongo. Alimpa Mama kipande avute tuta moja. La kwanza lilipinda, la pili lilinyooka. Saa mbili zilipita hapo na sikumharakisha, ingawa nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Mama alinunua ubao mdogo. Leo uko sebuleni Ngara, juu ya redio.

Tulifika Rusumo saa kumi na moja jioni kwa simu yangu. Kwa saa ya mkononi ya Mama, ambayo siku zote hizo haikuguswa, ilikuwa saa kumi na mbili, na ndiyo iliyokuwa sahihi ng'ambo ya pili. Ile saa moja ya bure ya Ijumaa ilikuwa inadaiwa. Hiace za Ngara jioni hazingoji.

Nilibeba mabegi yote nikatangulia mbio mbio. Katikati ya daraja niligeuka, nikakuta Mama amesimama kwenye kingo. Chini yake maporomoko yalikuwa yananguruma na mvuke unapanda, maji mazito ya kahawia. Nilitaka kumwambia tutachelewa. Nikaweka mabegi chini, nikarudi, nikasimama pembeni yake.

Aliangalia maji kwa muda.

"Ni udongo tu," alisema. "Ona. Ni udongo tu wa mashamba."

"Ndiyo, Mama."

Alinishika mkono, tukavuka. Hiace ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Tulilala Rusumo.